Barua ya wazi kwa maaskofu na kamati za kipaimara: Yesu hakuchapwa na Baba yake

Kwa Baba Maaskofu, wakuu wa vyuo vya theolojia, na wajumbe wa kamati zinazoandaa masomo ya kipaimara,

Bwana Yesu asifiwe.

Tunawaandikia sisi tunaofundisha kipaimara na masomo ya Biblia. Tunaamini kwa moyo wote kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, na tunalisema mapema ili asitokee wa kudhani tunataka kuifuta Ijumaa Kuu. Tunachoomba kirekebishwe ni maelezo ya namna kifo kile kilivyotuokoa. Jinsi yanavyotolewa katika madarasa mengi, yanampa Mungu mwenendo ambao mzee wa ukoo angeukataa barazani kwake.

Somo huwa fupi. Mwanadamu ametenda dhambi. Mungu ni mwenye haki, hawezi kusamehe bila kuadhibu. Yesu akaadhibiwa badala yetu, na sasa Mungu ameridhika. Mtoto anakariri sentensi moja, "Yesu alikufa ili kulipa adhabu yetu," halafu analetewa mfano wa viboko.

Mfano huo mnaujua. Mtoto mdogo, amekonda, ameiba chakula cha mwenzake darasani, na sheria ni viboko kumi. Mwalimu anamwangalia mgongo, mkono unasita. Anasimama mwanafunzi mkubwa mwenye nguvu: "Mwalimu, nichape mimi." Anachapwa kumi zote, mdogo anasalimika, na mahubiri yanaishia hapo watu wakifuta machozi.

Tunaomba mkae na mfano huo kidogo, maana ndio unaobaki kichwani mwa mtoto baada ya mafundisho mengine yote kusahaulika. Mwalimu anamchapa mtu anayejua fika hana kosa. Kiboko cha nane kinapotua, bado anajua. Jioni, akifungua daftari la adhabu, ataandika jina la nani? Tena mwenye chakula bado ana njaa, na katika mfano mzima hakuna aliyemuuliza hali. Aliyeiba naye amepona viboko, lakini kesho asubuhi anaamka na njaa ile ile na mkono ule ule. Haki iliyodaiwa kutimizwa haikumfikia hata mmoja wa hao wawili. Kilichotimia ni hesabu ya fimbo tu.

Kosa kubwa zaidi ni kwamba mwanafunzi mkubwa ni mtu wa tatu. Hakuiba, hakuibiwa, si mwalimu. Kanisa limekiri tangu mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Mfano wa viboko unaupasua Utatu vipande viwili, Baba mwenye fimbo na Mwana mwenye mgongo. Paulo hakusema hivyo. Alisema "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Aliyekosewa ndiye aliyekuja kubeba gharama ya kusamehe. Hilo linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusamehe deni kubwa. Mwenye kudai ndiye anayebaki na pengo mfukoni, na hahitaji kumpiga mtu yeyote ili asamehe.

Wengine hukimbilia mfano wa hakimu anayeshuka kitini na kumlipia mshtakiwa faini. Huo una afadhali, kwa sababu fedha ni fedha hata ikitoka mfuko gani. Lakini mwishoni mhubiri huhamia kwenye hukumu ya kifo, kana kwamba faini na kunyongwa ni kitu kimoja. Fausto Sozzini wa Italia aliligusa doa hili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1594: deni laweza kulipwa na mwingine, adhabu ni ya mkosaji mwenyewe. Sozzini aliukana Utatu, na hapo hatuko naye. Ila hoja yake haifi kwa sababu ya makosa yake mengine. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliirudia kwa njia yake mwaka 1793. Na nabii aliyaandika hayo zamani kabla yao: "Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake" (Ezekieli 18:20). Musa alipoomba afutwe yeye badala ya watu, Bwana alimkatalia (Kutoka 32:32-33).

Vijana wetu wanaishi na Waislamu nyumba kwa nyumba, kuanzia Mombasa na Tanga mpaka Kigoma na Ujiji. Swali wanaloulizwa ni lile lile: kwa nini Mungu asisamehe tu? Qurani inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine (6:164). Kijana wa kipaimara aliyefundishwa viboko tu hukosa jibu, hukasirika, au huanza kumtetea Mungu kwa maneno yanayomdhalilisha. Angefundishwa Ezekieli 18, angeanza kwa kusema, "Hata kwetu imeandikwa hivyo," na mazungumzo yangefika mbali.

Sasa Mambo ya Walawi, mahali ambapo fundisho la viboko hudai kupata mizizi yake. Tunasema bila kusita kwamba walimu wengi hawajawahi kukisoma kitabu hicho sura kwa sura, na si kosa lao, kwa sababu mtaala unawarukisha kutoka Kutoka 20 hadi Zaburi 23.

Fungueni sura ya 4. Sadaka ya dhambi ni kwa aliyekosa bila kukusudia. Kuhani aliyetiwa mafuta akikosa, analeta ng'ombe dume mchanga. Mkutano mzima vivyo hivyo. Mtawala, mbuzi dume. Mtu wa kawaida, mbuzi jike au kondoo jike asiye na dosari. Asiyeweza, hua wawili au makinda mawili ya njiwa (5:7). Asiyeweza hata hilo, analeta sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, bila mafuta wala ubani, "kwa kuwa ni sadaka ya dhambi" (5:11). Efa ni kama debe moja na kidogo, kwa hiyo huo ni unga wa lita mbili hivi. Kuhani anachukua konzi moja, anaiteketeza juu ya madhabahu, na aya ya 13 inasema mtu huyo atasamehewa.

Hapo hakuna damu hata tone. Maskini amesamehewa kwa unga wa ugali wa siku mbili. Kama kanuni ingekuwa kifo kwa kifo, bei isingeshuka kwa kuangalia mfuko wa mkosaji, maana uhai haupunguzwi bei. Ndiyo sababu hata Waebrania 9:22, aya inayotajwa kila mara, ina neno ambalo wahubiri huliruka: "karibu vitu vyote husafishwa kwa damu."

Tazameni pia mikono. Mkosaji anaweka mkono wake, mmoja, juu ya kichwa cha mnyama. Anamchinja yeye mwenyewe. Kuhani anachovya kidole katika damu, anapaka pembe za madhabahu, nyingine anaimwaga chini ya madhabahu. Mafuta yanateketezwa. Nyama ya mbuzi huyo inaliwa na makuhani mahali patakatifu, na sura ya 6 inaiita takatifu sana. Kama dhambi ingekuwa imehamia ndani ya mnyama, na ghadhabu ya Mungu imemshukia, nyama yake ingekuwa najisi ya kutupwa, wala kuhani asingeisogeza mdomoni. Jacob Milgrom, rabi aliyetumia maisha yake kuchambua Walawi, alionyesha kwamba damu katika sadaka hii hupakwa madhabahuni, hapakwi mtu, kwa sababu kazi yake ni kusafisha patakatifu palipochafuliwa na dhambi za watu. Ni kazi ya kuosha. Hakuna mahali katika sura hizo mnyama anapoteswa, anapotukanwa, wala anapohukumiwa.

Kuna mnyama mmoja tu anayebebeshwa dhambi kwa maneno ya wazi. Ni Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba, Walawi 16. Mbuzi wawili wanapigiwa kura. Wa Bwana anachinjwa, na damu yake inapelekwa nyuma ya pazia. Kwa yule mwingine, wa Azazeli, kuhani mkuu anaweka mikono yote miwili, anaungama maovu yote ya Israeli juu ya kichwa chake, na mtu aliyeandaliwa anampeleka nyikani akiwa hai. Aliyebeba dhambi hachinjwi, na aliyechinjwa hakubebeshwa dhambi. Katika kitini kinachotumika madarasani mbuzi hawa wawili wamefanywa mmoja.

Kisha sura ya 6, aya ya 1 hadi ya 7, ambayo tungependa ibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya usharika. Mtu amemdhulumu jirani yake, amekana amana, au ameokota kitu akaapa kwa uongo. Hatua zake ni hizi kwa mpangilio: anarudisha kitu chote, anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe mali siku ile ile anapoonekana ana hatia, ndipo analeta kondoo dume kwa kuhani. Aliyekula shilingi 500,000 za mjane anatakiwa amkabidhi mjane 600,000 kabla hajaisogelea madhabahu. Yesu aliiweka kanuni hiyo hiyo katika Mathayo 5:23-24: iache sadaka, nenda ukapatane kwanza. Zakayo hakungoja kuhubiriwa; alitaja nusu ya mali yake na marudisho mara nne. Na marabi waliandika katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kwamba Siku ya Upatanisho haiondoi kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe mwenzake. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya ulielewa jambo hili bila darasa. Walokole, yaani waamini wa uamsho huo, waliimba damu ya Mwanakondoo, na asubuhi yake walionekana njiani wakirudisha vitu walivyoiba. Nyimbo tumebaki nazo. Kurudisha kumetutoka.

Lugha yetu nayo inahitaji uangalifu ambao waandishi wa vitini hawaonyeshi. Neno kafara lina asili moja na lile la Kiebrania la upatanisho, mizizi yote miwili ikiwa k-f-r na k-p-r. Lakini mtaani leo "kutoa kafara" ni habari ya tajiri anayesemwa amemtoa mwanawe ili biashara inyooke. Mhubiri akisimama na kusema "Mungu alimtoa Mwanawe kafara," nusu ya ibada inasikia habari hiyo hiyo, na Mungu amekaa katika kiti cha yule tajiri. Biblia ya Union inatumia upatanisho katika Warumi 3:25 na kipatanisho katika 1 Yohana 2:2. Tubaki huko. Fidia nayo, katika Marko 10:45, kila mwenye shamba lililopitiwa na barabara anajua ni kitu cha nani. Fidia hulipwa aliyeumia, au hutolewa ili aliyefungwa atoke. Haijawahi kuwa na maana ya kumchapa mtu.

Tunajua litakalojibiwa: kwamba hili ndilo fundisho la kanisa tangu mwanzo. Sivyo. Imani ya Nikea inasema alisulubiwa kwa ajili yetu na haifafanui kwa utaratibu gani, na hakuna mtaguso wa kanisa zima uliowahi kufafanua. Katika karne ya 4 Gregori wa Nazianzo aliuliza fidia ililipwa kwa nani. Akakataa kuwa ni kwa shetani, kisha akauliza inawezekanaje damu ya Mwana impendeze Baba ambaye hakumpokea hata Isaka. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu chake mwaka 1098 akisema ama heshima ya Mungu itimiziwe haki yake, ama adhabu itolewe. Kwake Kristo alitoa utii wa hiari *mahali pa* adhabu, yaani adhabu haikuwepo. Abelard, mwanatheolojia wa Ufaransa aliyefariki 1142, aliona ni ukatili kudai damu ya asiye na hatia kama bei. Thomas wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13, alikiri kwamba Mungu angeweza kusamehe bila malipo yoyote na asiwe ametenda dhuluma. Lugha ya mahakama ya jinai ilipata nguvu karne ya 16, hasa kwa Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa, ambaye alisomea sheria kabla ya kuwa mwalimu wa kanisa. Hata yeye, katika toleo la 1559 la kitabu chake kikuu cha mafundisho, Institutio, alimnukuu Augustino akisisitiza kwamba Mungu hakuanza kutupenda baada ya msalaba. Alitupenda kwanza, na msalaba ukatoka katika pendo hilo. Vitini vyetu vimechukua mahakama ya Calvin na kuliacha nje pendo alilolitanguliza.

Yapo maandiko magumu, na itakuwa si uaminifu kuyaficha. Isaya 53:10 inasema "Bwana aliridhika kumchubua." Tunaisoma pamoja na aya ya 4, ambapo wasemaji wanakiri kosa lao: "tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu." Hata hivyo aya ya 10 haiyeyuki, na mwalimu asijifanye imeyeyuka. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Hapo linganisheni na Kumbukumbu 21:23 ambayo Paulo anainukuu. Torati inasema aliyetundikwa "amelaaniwa na Mungu", Paulo anaandika "amelaaniwa" na kuyaacha maneno "na Mungu." Farisayo aliyeijua Torati vile hakuyasahau kwa bahati mbaya, kwa maoni yetu. Katika Warumi 8:3 kinachohukumiwa katika mwili wa Yesu ni dhambi. Na Petro siku ya Pentekoste aliwagawia wahusika kazi zao waziwazi: ninyi mlimsulubisha, Mungu akamfufua.

Kwa nini tunalikazania? Kwa sababu fundisho la msalaba ndilo linalowafundisha watu namna ya kushughulikia kosa nyumbani na kanisani. Palipofundishwa kwamba haki hutimia asiye na kosa akiumia kimya, mke anayepigwa huambiwa abebe msalaba wake kama Bwana. Anayemshauri hivyo hajamwambia kwamba Bwana huyo huyo alijificha akatoka hekaluni walipookota mawe (Yohana 8:59), akapita katikati yao akaenda zake kule Nazareti (Luka 4:30), akawatoka mikononi mwao (Yohana 10:39), na alipopigwa kofi aliuliza "wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Alikufa pale alipoamua mwenyewe: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Anayepigwa na mumewe hajautoa uhai wake, anaporwa. Mtunza hazina aliyekula michango naye husimama, analia, anaombewa, inatamkwa kwamba damu imefunika, na mwezi unaofuata anarudishiwa kitabu cha stakabadhi, huku paa la kanisa likiwa bado halina mabati. Na mtoto aliyedhulumiwa mwili wake hutakiwa amsamehe mkubwa wake mbele ya wazee kikao kimoja, badala ya kesi kufika dawati la jinsia na watoto. Katika yote matatu aliyeumia ndiye anayelipa, na inaitwa injili.

Tunachopendekeza kinawezekana bila fedha mpya wala vitabu vipya. Somo la msalaba lipewe vipindi vinne badala ya kimoja. Cha kwanza kiwe Walawi 4 hadi 6, na watoto wachore hatua za sadaka moja moja: nani analeta, nani anachinja, damu inakwenda wapi, nyama inaliwa na nani. Mwalimu alete lita mbili za unga na kuziweka mezani. Cha pili kiwe Walawi 16 pamoja na Ezekieli 18. Cha tatu wasome mateso katika Marko 14 na 15 na kuorodhesha nani alifanya nini: Yuda, baraza, Pilato, askari, umati. Watagundua wenyewe kwamba katika masimulizi hayo mikono iliyompiga ni ya watu. Wakiulizia 14:27, "Nitampiga mchungaji," ambayo Yesu ananukuu kutoka kwa nabii, mwalimu asiifiche. Wataulizia kilio cha 15:34, "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mwalimu asikikimbie, awafungulie Zaburi 22 waisome mpaka aya ya 24, inayosema hakumficha uso wake. Cha nne kiwe Mathayo 5, Zakayo na 2 Wakorintho 5, na kila mwanafunzi aandike kwa siri jambo moja analopaswa kulirudisha, kisha alirudishe. Karatasi zisikusanywe. Mwalimu akizikusanya watoto wataandika ya kumpendeza, na somo limekufa.

Kosa ambalo walimu wataliangukia ni kuruka hadi upande wa pili na kusema msalaba ni mfano wa upendo tu. Mtoto aliyetendewa ubaya mkubwa hatatosheka na hilo, na ana haki. Anahitaji kusikia kwamba Mungu ameuona ubaya ule, ameuita kwa jina lake, ameingia chini yake, na ameushinda siku ya tatu. Ufufuo usipofika katika kipindi cha nne, vipindi vitatu vya mwanzo havina pa kwenda.

Katika ibada ya toba kabla ya Meza ya Bwana, liongezwe swali moja kwa anayerejea baada ya kutengwa: umemrudishia nani, kiasi gani? Jibu lithibitishwe na aliyekosewa, akiwa tayari kusema, wala asilazimishwe kukaa chumba kimoja na mkosaji. Pale ambapo kosa ni jinai, mchungaji ahubiri msamaha na polisi wafanye kazi yao. Moja halizuii jingine.

La mwisho ni dogo, na linaweza kufanyika kabla darasa lijalo halijaanza. Katika maswali ya kupima vijana kuna lile linalouliza "Kwa nini Yesu alikufa?" na jibu linalokubaliwa ni "Ili kulipa adhabu yetu." Kijana akiandika "Ili kutupatanisha na Mungu" anakosa alama, ingawa ndiyo maneno ya Paulo. Tunaomba alama hiyo irudishwe.

Ni sisi katika Kristo,
Walimu wa kipaimara na masomo ya Biblia